Mbio za Nasimiyu kwa Jina Langu

Msimu wa riadha kwetu Saboti ulikuwa na harufu ya jivu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja shuleni na mkebe wa jivu kutoka jikoni kwao, na walimu wakalimwaga juu ya nyasi zilizofyekwa, wakachora njia za wakimbiaji. Umande ulipolilowesha, jivu lilitoa harufu kali ya moshi iliyotupanda puani, tukapiga chafya mstarini hata kabla ya filimbi. Ilikuwa Machi. Mashamba yalikuwa yameshalimwa yakingoja mvua ya kupandia mahindi, na Mlima Elgon ulionekana wote asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Mimi nilipenda kubeba jivu kuliko kukimbia juu yake. Mbio zangu zilijulikana shule nzima: nilikuwa nikifika wenzangu wameshavaa sweta zao na kuanza kutafuna miwa.

Aliyejua kukimbia nyumbani kwetu alikuwa Nasimiyu, binti wa dada mkubwa wa mama. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada yako tu, na kumwita jina jingine ni kumfukuza. Aliletwa kutoka Bungoma baada ya mama yake kuugua, lakini barua yake ya uhamisho haikuja naye, na mwalimu mkuu hakutaka kumpokea bila barua. Basi akawa anashinda nyumbani, anachota maji, anachunga ng'ombe wetu wawili, na kunisubiri nirudi nimsomee nilichofundishwa. Alinizidi mwaka mmoja. Mama akimtuma sukari dukani, alirudi chai haijachemka, na jasho hana. Nilimwonea wivu kidogo, wivu wa kawaida wa mtoto ambaye akitumwa yeye, chai huchemka ikapoa.

Mwalimu Barasa, aliyesimamia michezo shuleni kwetu, alipitwa na Nasimiyu barabarani siku moja, yeye yuko juu ya baiskeli na Nasimiyu ana mtungi mtupu mkononi. Hakwenda kwake tena. Aligeuza baiskeli akaja kwetu, kwa sababu shule haikuwa na msichana wa mita elfu tatu.

"Mama Nelima, si ni siku moja tu," alimwambia mama. "Huyu akimbie, arudi. Tutaandika jina ya Nelima. Hata hao wengine ndio wanafanya hivyo, bana."

Kweli walikuwa wakifanya. Kuazimana wakimbiaji kulikuwa jambo la kawaida kama kuazimana jembe. Shule ikikosa mtu wa mbio fulani, ilitafuta miguu popote ilipo, ikaivika jina la mtoto aliyeandikwa kwenye rejista, na waamuzi wakafumba macho kwa kuwa shule zao nazo zilikuwa na miguu ya kuazima. Cheti changu cha kuzaliwa hakikuwa na picha. Mama alikitoa chini ya godoro akampa mwalimu, nami nikampa Nasimiyu kaptura yangu ya michezo, ambayo ilikuwa karibu mpya kwa sababu zinazoeleweka. Nilijiona nimetoa mchango mkubwa sana kwa shule yangu.

Alishinda mbio za kata, akashinda za tarafa, tukapelekwa Kitale kwenye mashindano ya wilaya. Njiani Mwalimu Barasa alituonya tusije tukasahau na kumwita Nasimiyu. Nilisimama kwenye kamba pembeni mwa uwanja, nikashangilia jina langu mwenyewe mpaka sauti ikakauka. Alikimbia bila viatu, katikati ya wasichana wenye viatu vya misumari. Mizunguko sita alikaa nyuma ya wa kwanza, ametulia, kisha akampita, na alipomaliza yule wa pili alikuwa bado anakata kona ya mwisho. Kipaza sauti kikatangaza ushindi wa Nelima wa Saboti. Bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani, ameshika saa mkononi, alivuka uwanja akamuuliza anaitwa nani. Nasimiyu alinitafuta kwa macho kwenye umati, akaniona, kisha akasema, "Nelima." Yule bwana akaandika.

Barua ilifika shuleni wakati wa kuvuna. Ilisema kwamba Nelima amepewa nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni yenye kambi ya riadha, na kwamba mfadhili atalipa karo, sare, viatu na chakula, miaka yote minne. Mwalimu Barasa aliileta mwenyewe. Angesema ukweli, shule ingefungiwa michezo na yeye angefukuzwa kazi. Baba aliisoma mara mbili, amesimama kando ya ghala la mahindi. Sote tulikuwa pale tukipukuchua, na hakuna aliyeendelea kupukuchua.

"Barua imesema Nelima," baba alisema mwishowe.

Mama alimgeukia Nasimiyu. "Na wewe unasemaje, mwanangu?"

"Si aende tu, mama mdogo," Nasimiyu alijibu. "Mimi hata darasa la nane sijafanya. Nitaenda huko nikiwa nani?"

Kisha wote wakanitazama mimi. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi mno maishani. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu anajua kilicho chake na kisicho chake. Ningesema neno moja tu, kwamba siendi, kwamba mwenye miguu ni huyu, watu wazima wangelazimika kutafuta njia nyingine. Lakini nilikuwa nimeshaanza kukiona kitanda changu cha bweni, na sanduku la bati lenye kufuli, na sketi mpya ambayo haijavaliwa na mtu. Nilivitaka. Nikainama, nikachukua gunzi, nikaendelea na kazi. Chanda chema huvikwa pete, nasi siku ile tulikubaliana, bila kusema, kukivika chanda kingine.

Kinachoniuma zaidi ni miezi iliyofuata. Nasimiyu aliamua kwamba nisiende kuaibika, akajitwika kazi ya kunifundisha kukimbia. Kila asubuhi aliniamsha, tukashika barabara inayopanda kuelekea mlimani, yeye akikimbia kinyumenyume mbele yangu ili anitazame, na hata hivyo akiniacha. "Usiangalie chini, Nelima. Vuta mkono nyuma. Pumua na pua." Hakuwa na kinyongo. Nilitamani awe nacho, anisukume mtaroni, aniite mwizi, ili nami nipate sababu ya kumkasirikia. Alinipongeza nilipofika kwenye mti tuliokuwa tukigeukia bila kutembea, akanibebea sweta wakati wa kurudi.

Nilipofika shule ile, hila yetu ilidumu hadi asubuhi ya pili, tulipopelekwa uwanjani. Nilikuwa wa mwisho, na wa mwisho kwa mbali. Yule bwana wa kofia ya kijani, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, aliniuliza kama naumwa. Nikasema goti. Wakanifunga bandeji, wakanipumzisha, wakanijaribu tena, goti likauma tena. Mwisho wa muhula alinikalisha kwenye benchi.

"Hiyo mguu si ya ile siku," alisema taratibu. "Mimi sitakuchapa. Ni wewe ulikimbia Kitale?"

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Aliandika kwamba nimeumia. Utaratibu wa mfadhili ulikuwa kwamba mkimbiaji aliyeumia hafukuzwi, analipiwa mpaka amalize. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na urefu wa miaka minne, na kila Jumamosi wenzangu walipokwenda mazoezini mimi nilibaki darasani nikisoma. Ndivyo nilivyofaulu mitihani. Nasimiyu barua yake ya uhamisho haikuja kamwe, na nilipokuwa kidato cha tatu aliolewa palepale Saboti.

Siku hizi nafanya kazi Bungoma, katika ofisi ya serikali inayoshughulikia vijana na michezo, na sehemu ya kazi yangu ni kupokea majina ya watoto wenye vipaji. Mambo yamebadilika. Kila mtoto ana namba yake na picha yake kwenye kompyuta, mbio zinarekodiwa kwa simu, na kocha aliye mbali anaweza kuona kijana wa kijijini akikata kona kabla jasho lake halijakauka. Kuazima miguu si rahisi tena. Hata hivyo walimu hunipigia simu: madam, kuna mtoto huku anakimbia balaa, lakini hana cheti, hana namba, hata shule haendi. Zamani tulikuwa na majina ya kuwavika watoto wa aina hiyo, na tukawapoteza. Sasa hatuna hata hayo, na bado tunawapoteza, ila kwa uaminifu zaidi. Mimi huwafuata mwenyewe. Wenzangu ofisini wanasema nina wito, nami huwaacha waseme hivyo kwa sababu ukweli ningeona haya kuutaja.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Nasimiyu alikuja kutusaidia, tukaketi barazani tukichambua maharagwe, yeye na mikono yake iliyokakamaa kwa jembe, mimi na kucha zangu zilizopakwa rangi. Tumezeeka pamoja bila kulizungumza jambo lile. Aliuliza bila kuinua macho.

"Nelima, ile siku ulifika huko shule, yule kocha alisema nini juu ya ile mbio ya Kitale?"

Nilimwambia. Nilimwambia kama ilivyokuwa, kwamba siku ya kufika kocha alinipokea langoni mwenyewe, akawaita walimu wengine waje wanione, akawaambia amefundisha wasichana wengi lakini hajapata kuona mtoto anayejua namna ile wakati wa kungoja na wakati wa kuondoka. Kwamba hilo halifundishwi, mtu huzaliwa nalo. Kwamba akitunzwa, hakuna msichana wa kumfikia.

Mikono ya Nasimiyu ilisimama juu ya ungo. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Mbele ya walimu?"

"Mbele ya walimu wote."

Nilitazamia alie, au acheke, maana yeye hucheka haraka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

"Shule nilikuachia, Nelima, na sikuwahi kuihesabu. Lakini hiyo maneno ilikuwa yangu. Hiyo si ungeniletea."