Miguu Kumi na Mmoja

Pale hospitali ya jeshi tulimwita Sajini, ingawa alikwisha kustaafu na kubaki fundi wa miguu ya bandia. Kabla ya kumpima mgonjwa alikuwa akisugua viganja mpaka vipate moto, ndipo akishike kigutu, taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga. "Mguu nitakaokupa, afande," alikuwa akimwambia kwa sauti ya chini, "mbu atavunjika mdomo." Hata aliyekuja na machozi alicheka.

Hospitali ilipowekwa chini ya ubia wa jeshi na kampuni binafsi, meneja mpya alikuja karakana kuorodhesha vitu. Kwenye rafu ya nyuma alikuta miguu kumi na mmoja iliyokamilika, kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye jina na tarehe. "Hii nayo ni mali ya ubia," alisema akiandika. "Tutaifungua, tupate vipuri." Sajini aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni. "Bwana meneja, mashine chukua, na kiti changu chukua. Hiyo ina wenyewe."

"Mzee, miaka mitatu hawajaja."

"Niliwapima mimi. Niliwaambia waje." Sauti ikamkatika, nasi hatukuwahi kuisikia ikikatika. Meneja akaufuta mstari ule.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja amevaa nguo za msiba. "Mume wangu amefariki akiungoja mguu wake, nauli ya kuufuata hatukupata," alisema. "Nataka nimzike nao." Sajini aliuviringisha kwenye shuka safi, akampa kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka getini.