Madame Laure na Karatasi ya Shekina

Alizaliwa Panda, Likasi, tarehe 4 Machi 1971, binti wa fundi wa kiwanda na mama muuza makala, yale makaa ya kupikia, akabatizwa Laure. Kwao hapakukosa mgeni, na majirani wanasema sahani yake mwenyewe aliwapa wapita njia tangu utoto. Mwaka 2009 alianza kufundisha dini darasa la saba na la nane, watoto wa Kikatoliki na wa makanisa ya uamsho pamoja. Hapo ndipo Mungu alipomwita. Aliona watoto wanakariri sala huku wanapiga miayo, akaleta makala ya mama yake na jiwe la kijani la mgodini, akalisaga liwe rangi. Kila Ijumaa mtoto alimchora yule anayemwombea katikati ya karatasi, akamzungushia mistari pole pole, bila neno, mpaka karatasi ikajaa. Mstari mmoja, pumzi moja mbele ya Mungu.

Majaribu yalimfika Oktoba 2019. Shekina, msichana wa miaka kumi na mitatu, alimchora baba yake Eddy, mchimbaji wa Kakanda, ndani ya shimo, na mistari ya kijani kumzunguka ili udongo usimguse. Jumanne iliyofuata shimo liliporomoka. Eddy hakutolewa. Matangani, shangazi Mamie aliikuta ile karatasi kwenye mfuko wa shule, akaipandisha juu watu wote waone.

"Angalieni! Alimuzika baba yake mbele ya kufa! Huyu mutoto iko na bulozi, ni muchawi!"

Vijana walikwisha kuinama kuokota mawe. Madame Laure, aliyekuwa akigawa chai, aliweka birika chini.

"Muacheni mutoto, mama Mamie. Ni minye nilichora."

"Weye, Madame? Weye wa Misa kila siku? Njo maana Mungu alikunyima batoto!"

"Ni minye."

Wapo watakaosema mtakatifu hasemi uongo. Waseme. Uongo ule ulimrudisha Shekina nyumbani akiwa hai, nao ulimtoa Madame darasani, kwa kuwa shule haikutaka maneno. Wageni wakakoma. Hata waliokula kwake walivuka barabara wakimwona. Shekina alikatazwa kumsalimia, akatii.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua tarehe 11 Juni 2023, peke yake. Kati yetu majirani hakuna aliyegonga mlango. Tulikuta madaftari manne. Juu ya kila ukurasa kuna tarehe, kwa mwandiko mzuri; chini yake, weupe mtupu. Kila siku aliketi na makala mkononi, na kila siku hakuweza kuchora.

Ajabu inayokumbukwa ni moja tu. Makaburini Shekina alijitoa mkononi mwa shangazi yake, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari tulilokuja nalo, akachora shimo lile lile, na ndani yake watu wawili, baba yake na Madame.

"Ni minye nilichora," akasema. "Hata ile ya kwanza."

Hakuna aliyeokota jiwe. Alizungusha mistari mpaka ukurasa ukajaa, na jeneza likangoja.

Anayetaka kumwiga Madame Laure, basi, afungue daftari kila siku na kuandika tarehe, hata kama hakuna kitakachofuata.