Chini ya Tao la Nne

Chokaa mbichi ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto. Inatokota kama mafuta kwenye karai, halafu inatoa mvuke wenye harufu kali inayokaa nyuma ya koo siku nzima. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Longisa alikuwa anachanganya yake ya kupaka choo. Mimi nilikuwa nakata sukuma mlangoni. Niliacha kisu juu ya mboga nikaingia ndani nikajifungia, na mpaka leo anafikiri nilimkasirikia. Yeye sikuweza kumweleza. Wacha niwaeleze nyinyi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Watawa wa kizungu walikuwa wanajenga monasteri kwenye kilima juu ya mashamba ya majani chai, na baba yangu, Arap Koech, alikuwa fundi wa mawe pale. Msimamizi wa ramani alikuwa Bruda Gaspari, mtu mrefu mwenye masikio mekundu. Alikuwa na picha ya monasteri moja ya kwao Ulaya, ya zamani sana, ambayo walioijenga hata majina yao hayajulikani tena, na alitaka yetu iwe vile vile. Ua wa mraba katikati, kisima, na pande zote nne veranda ya mawe yenye matao, ili watawa wazunguke wakisali bila kunyeshewa. Picha hiyo aliibandika stoo ya vifaa. Mafundi waliiangalia wakinywa chai, na baba aliiangalia kuliko wote.

Mimi nilikuwa napeleka chakula cha saa sita, kwa hivyo niliona matao yakiinuka. Kwanza seremala hutengeneza kiunzi cha mbao, kimepinda kama mgongo wa paka. Juu yake mawe hupangwa moja moja kutoka pande mbili mpaka yakutane katikati. Baba aliniambia kila jiwe pale linataka kuanguka, na kwa sababu yote yanataka kuanguka mara moja, yanabanana na hakuna linaloanguka. Lakini ni lazima chokaa ikauke kwanza. Kabla ya hapo tao ni mbao tu zilizovaa mawe.

Sasa, Bruda alikataa simiti. Alisema kwao hao wazee walitumia chokaa na mchanga, na mpaka leo kuta zimesimama. Sawa. Lakini kwao sijui mvua hunyesha lini. Kwetu inanyesha kila siku saa nane, na mvua ya mawe juu yake, na ukungu asubuhi. Chokaa itakauka saa ngapi? Baba alikuwa anaipima kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiingia, unangoja. Alinifundisha na mimi, na kila nikipeleka chakula nilikuwa napitia tao la nne, la kona, nachoma ukucha. Ulikuwa unaingia kama kwenye sabuni ya kipande.

Kati ya wenye lawama, wa kwanza kumtaja ni Zakayo Mutai. Yeye ndiye alikuwa foremani, na sifichi jina lake. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kubariki, maandamano yapite chini ya matao, na Zakayo alikuwa ameahidi mbao zote zitakuwa zimetoka. Ijumaa walitoa za tao la kwanza, la pili na la tatu, ambayo yalikuwa ya zamani kidogo. Yakasimama. Watu wakapiga makofi. Kufika la nne, baba akasema hapana, hili bado.

"Bado nini?" Zakayo akasema. "Askofu apite chini ya mbao kama kondoo wa kuogeshwa dawa?"

"Tungoje wiki tatu, bwana Zakayo. Ukucha unaingia."

"Kata kucha basi." Watu wakacheka. "Ama umejengea uji, Koech? Sema tu tulete vijiko."

Hapo ndipo Zakayo akakumbuka hadithi ya Bruda. Bruda alikuwa amewaambia mafundi kwamba kwao, zamani, fundi aliyejenga tao husimama chini yake mbao zikitolewa, kuonyesha anaiamini kazi yake. Aliwaambia wakipumzika, nafikiri ili wajivunie. Zakayo akaifanya sheria. "Simama chini ya kazi yako tuone. Ukiogopa, chukua kikapu urudi kwa majani chai, nitapata fundi mwingine kabla ya jioni."

Bruda Gaspari alikuwa amesimama karibu na kisima. Kiswahili alikijua vizuri. Aliangalia saa yake. Yeye ndiye wa pili mwenye lawama.

Baba akageuka akanitafuta kwa macho. Akina mama wa kubeba mchanga walikuwepo, na watoto wao wengi, wengine wa darasa langu ambao nilikuwa nimewaringia wiki nzima kuhusu baba yangu na matao yake.

"Chebet, mama," akaniita. "Nisimame?"

Akangoja. Nilimwona akingoja.

"Simama, Baba!" nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie, nikapiga makofi na kusogea karibu kabisa na nguzo nione vizuri.

Baba akaingia chini ya tao, na walipogonga kabari ya mwisho iliyoshikilia mbao hakukuwa na kelele nilizotarajia. Ilikuwa kama gunia la mahindi kuteleza. Jiwe moja lilivunja nyonga yangu, na ndiyo maana natembea hivi na ndiyo maana shule yangu iliisha darasa la nne. Baba walimtoa wakati mvua ya saa nane inaanza.

Zakayo alisema baba alikuwa amechanganya mchanga mwingi. Watu wakakubali, maana aliyekufa hajibu. Bruda alirudi kwao. Tao likajengwa upya, kwa simiti safari hii, na siku hizi maharusi hupigia picha hapo.

Juzi juzi mtawa mmoja kijana, mtoto wa huku huku Bomet, aliyesomea Ulaya, alikuja kununua mboga kwangu. Nikamuuliza kama kweli mafundi wa huko husimama chini ya tao. Alicheka, halafu akaona uso wangu.

"Hapana, mama. Huko kiunzi kinaweza kukaa msimu mzima. Na siku ya kukitoa, watu wote hufukuzwa mbali."

Nilimpimia sukuma yake akaenda.

Miaka mingi niliamini baba aliniuliza lile swali kwa mchezo, kwa kunionyesha kwa watu. Nilifurahi nalo hata hospitalini. Ni mpaka nilipozaa wangu ndipo nikajua. Mwanamume hawezi kukataa mbele ya wenzake wanaocheka, lakini mtoto wake akianza kulia, anaweza kutoka pale akambeba na kwenda naye nyumbani, na hakuna wa kumsema. Baba alikuwa ananiomba nilie.