Siku Maofisa Walipochota Maji kwa Kofia Katonga

Jamani, hili jambo mke wangu akilitaja mbele za watu huwa nainuka nakwenda kuangalia kama nimefunga geti, na nyumba yetu pale Rusimbi haina geti, kwa hiyo mnaelewa ni aibu ya kiasi gani. Leo nimeona nilisimulie mwenyewe, maana pale mwaloni Katonga wanalisimulia kila siku na kila anayelisimulia anatia chumvi yake.

Mimi ni fundi wa boti za mbao. Mwaka ule walikuja Kigoma wageni kutoka nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, maofisa wa jeshi na watu wa wizara, kukaa kikao cha sera ya pamoja ya zana za ulinzi. Niliyoelewa mimi ni kwamba kila nchi ilikuwa ikinunua boti zake za doria kivyake, huko mbali, ikifa pampu moja boti linalala ufukweni mpaka kuku wanatagia humo, na jirani yako anayo pampu lakini haiingiliani na ya kwako. Sasa walitaka kipimo kimoja, chombo kikipita ukaguzi nchi moja kiwe kimepita kote, halafu wanunue kwanza kwa sisi wa humu humu. Tatizo rasimu ilisema "viwanda" tu. Aliyeiandika, Bwana Mhandisi (mtu mpole, miwani, viatu vya ngozi vinavyong'aa), alisema karakana za mbao kama zetu hazimo. Tukaomba, tukabembeleza, mwisho wakasema haya, tupelekeni majini tuone. Yaani riziki ya mafundi wote wa mwambao ilikuwa imepakiwa kwenye boti langu mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kauamuzi kangu kadogo. Boti la mbao linatakiwa likae majini, mbao zinywe zivimbe zibanane, na ile pamba iliyolowekwa mawese tunayoshindilia kwenye maungio ikazwe. Ukiliacha juani mbao zinasinyaa. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu. Lakini nilikuwa nimelipaka rangi ya kijivu, ile ya kijeshi, linang'aa mpaka unaona meno yako, nikawaza nikilishusha mapema litashika magamba ya dagaa na uchafu wa pwani, wageni watasemaje. Nikaliacha juu ya magogo, kiangazi kile, karibu wiki mbili. Shemeji yangu Ruhuza, ndiye mwendesha injini, akaniuliza tunalishusha lini, nikamwambia siku hiyo hiyo, bibi harusi haonekani kabla ya sherehe. Na asubuhi yenyewe nikaongeza la pili: kopo la kutolea maji, ambalo halikosekani kwenye chombo chochote ziwani, nikalificha nyuma ya karakana, maana mgeni akiona kopo si atadhani boti linavuja (kichwa changu hiki, Mungu anisamehe).

Wakapanda, wote na maboya vifuani, tukaondoka wanawake wa dagaa wakitupungia. Ziwa lilikuwa limelala kama chai kikombeni. Bwana Mhandisi ananiuliza boti linadumu miaka mingapi, linabeba uzito gani, nami najibu kama mbunge, mpaka nikahisi ubaridi kwenye vidole vya miguu. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yanapenya kwenye kila ungio la mbao, bila haraka, kama jasho.

Ningesema turudi, pwani ilikuwa bado karibu. Lakini nikifikiria kurudi namwona Bwana Mhandisi anavyoandika kwamba karakana hazifai, basi nikaendelea kuongea, na nikaongeza sauti. Kanali kutoka Burundi, mnene mmoja mcheshi, akaniinamia taratibu kama anayenisalimia. "Fundi, amazi ariko arinjira," akasema Kirundi, kwamba maji yanaingia, akijua mimi Muha nitaelewa na wengine hawataelewa.

"Ndabizi," nikamjibu, najua, huku namtabasamia Mhandisi.

Mhandisi akanyanyua kiatu kimoja, akakishusha, akanyanyua cha pili. Akaniuliza kwa upole kama hiyo ni kawaida. Nikasema ni mawimbi. (Mawimbi gani?) Ruhuza ananitumbulia macho kutoka nyuma, mimi nampa ishara aongeze mwendo, mpaka tenki la mafuta likaanza kuelea, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Maji yamefika kwenye vigimbi vya miguu na pwani sasa iko mbali.

"Fundi," akasema Mhandisi, "mimi sijui kuogelea."

Nawaambia kweli, niliogopa. Nikasema yanaingia, wakubwa, tuyatoe. Wakauliza tuyatoe kwa kitu gani. Nikakumbuka kopo lilipo nikatamani kulia.

Kanali akavua kofia yake ya nishani, akachota. Mkongo naye akavua, wa Zambia akavua, wa kwetu akavua, na watu ambao asubuhi nzima walishindwa kukubaliana hata herufi za rasimu wakaanza kuchota kwa pamoja, inama, chota, mwaga. Mhandisi akavua kiatu chake cha kulia akachota nacho. Ruhuza akang'oa ubao wa kukalia akapiga kasia. Tulifika Katonga boti limebakiza mdomo tu juu ya maji, wanawake wa dagaa wakaingia majini kutuvuta, na mmoja akaniuliza mbele ya soko zima, "Fundi, leo mmevua maji?"

Nilikaa kwenye mchanga nikamweleza Mhandisi yote, jua, rangi, kopo, kwa sababu sikuwa tena na cha kupoteza, ila wenzangu ndio walikuwa wanapoteza. Kanali akasema liachwe pale pale majini. Siku ya mwisho ya kikao wakaja, tukachota maji yote, tukakaa tukangoja kama yataingia tena. Mhandisi akaingiza mkono chini kabisa, akautoa mkavu. Akatazama viatu vyake, akacheka kidogo.

Karakana zimo kwenye sera. Lakini kuna kifungu: chombo cha mbao hakikaguliwi mpaka kiwe kimelala majini wiki nzima, na kopo liwepo. Juzi nilikuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, fundi mmoja analalamika kifungu hicho kinamchelewesha, anauliza mjinga gani alikisababisha. Nikamwambia nasikia ni mtu wa Zambia. Kisha nikarudi kwenye boti langu, nikageuza kopo upande wa pili asije akalisoma, maana nimelifunga kwa mnyororo pale mgeni anapokanyaga kwanza, na kwa aibu yangu nimeliandika jina langu na kifungu chenyewe.