Chungu changu cha maonyesho na majivu ya mama mkwe

Mama mkwe amekisugua kwa majivu chungu changu cha maonyesho!

Msicheke kwanza.

Mnajua mimi hufinyanga vyungu vya mapambo. Navipaka rangi ya kung'aa, vikitoka kwenye tanuri vinaonekana vyeusi kivulini, lakini juani vinameta kama shaba. Hiki kilikuwa kiende Bukoba kesho.

Leo narudi kutoka sokoni Nyaishozi, namkuta mama uani, jasho linamtoka. Upande mzima wa chungu umebaki mweupe.

"Shikamoo mama. Umefanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Nimekusugulia masizi. Vyungu vyako vyote huwa vinaungua, naona aibu kukwambia. Nimekuwa nakuombea."

Jamani! Miaka miwili ananisifia, kumbe ananihurumia!

Niliingia ndani nikalia kidogo. Kisha nikamletea chungu kingine, nikamwambia akigeuzegeuze juani. Rangi zikaanza kubadilika: zambarau, kijani, dhahabu.

Akakigeuza tena na tena.

"Kumbe ulikusudia," akasema, machozi yakimlengalenga.

Kesho tunakwenda wote Bukoba. Amesema atasimama mwenyewe mezani, awaeleze watu kwamba yale si masizi.