Magurudumu ya Ijumaa

Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye rola dabi ni kuanguka. Si kukimbia, si kumsukuma mtu, kuanguka. Unakunja ngumi ili vidole visikanyagwe na magurudumu ya wenzako, unashukia goti lenye kikinga, kisha unainuka kabla hujaanza kujihurumia. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa narudi nyumbani Al Thumama, mjini Doha, nikiwa na michubuko mpaka mahali pa kukalia, na siku moja nikampigia mama yangu Nakuru nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani nilikusomesha uuguzi," akasema, "ukavuka bahari kwenda kutafuta watu wa kukuangusha? Kwani hapa Nakuru hawakuwepo?"

Tangu siku hiyo swali lake la Ijumaa jioni likawa hilo hilo. Hakuuliza kama nimekula, wala kama joto limepungua. "Leo umeanguka mara ngapi?" Nikimwambia nimeanguka sana, anafurahi. Nikimwambia sikuanguka, ananiita mwongo.

Alikuwa fundi cherehani, na siku moja akanitumia kaptura ya kitenge kupitia kwa jirani aliyekuwa akirudi Doha kutoka likizo. Ya manjano, yenye miduara mikubwa ya buluu, imetiwa sufi kwenye nyonga. "Uangukie hapo," aliniambia. Wenzangu wote walivaa nguo nyeusi za kubana, na mimi nikaingia uwanjani kama pazia la sebule. Sikujali. Aliyenicheka nilimkuta kwenye mzunguko nikamkumbusha adabu kwa bega.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Timu mbili za wanawake zinazunguka ukumbini kwa viatu vya magurudumu. Kila timu ina mmoja mwenye nyota kwenye kofia yake ngumu, na kazi yake ni kupenya katikati ya wapinzani, ambao wamejipanga kama ukuta na hawataki apite. Mimi ndiye niliyevaa nyota, kwa sababu ni mwembamba na nina hasira. Tulikuwa na mwalimu Mwingereza, mama mmoja wa Kilebanoni mwenye goti bovu, mtu na dada yake, Waqatari, wenye vicheko vya kuambukiza, na kocha Mfilipino mfupi ambaye filimbi yake ingeweza kuamsha mtaa. Ukumbi ulikuwa wa shule, na Ijumaa alasiri ulikuwa wetu.

Ijumaa yangu ilikuwa imejaa hivi: asubuhi Mesaimeer kanisani, nikipiga gitaa la besi kwenye ibada ya Kiswahili, alasiri magurudumu. Alhamisi jioni bendi yetu ya Wakenya na Waganda ilipiga muziki kwenye bustani ya hoteli, nyimbo za kwetu na za maombi ya wateja. Jumamosi tulikuwa na matembezi, mara ufukweni, mara jangwani, popote gari lilipoelekea. Siku zilizobaki nilikuwa kliniki, West Bay, nikidunga watu sindano. Watu waliniuliza napumzika saa ngapi. Haki, swali hilo lilikuwa linanikera! Mtu aliye mbali na kwao akijilaza kitandani Ijumaa nzima, hapumziki. Anaangalia dari na kuwaza nyumbani, basi.

Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa Mganda, mlinzi kwenye jengo moja refu huko huko West Bay, na ndiye aliyepiga dramu kwenye bendi yetu. Viatu vya magurudumu hakuvigusa. "Mimi Mungu alinipa miguu," alikuwa akisema, "magurudumu akayapa magari." Lakini alinifuata mazoezini, akakaa kwenye benchi na karanga zake, akipiga kelele kuliko wote. Na mtu huyo hawezi kusema neno bila kurusha mikono. Ndivyo walivyo wapiga dramu.

Kuna desturi moja ya rola dabi ambayo lazima niitaje. Mchezaji akiumia, kocha anapiga filimbi mfululizo, na kila aliye uwanjani anapiga goti pale pale alipo. Rafiki au mpinzani, wote chini. Hakuna kuzungumza. Mnabaki hivyo mpaka aliyeumia ainuke au aondolewe. Akisimama, mnampigia makofi. Nilipomwambia mama, akasema, "Hiyo sasa ni adabu. Hiyo naipenda."

Kisha figo zake zikaanza kuchoka. Mdogo wangu wa kike, aliyebaki naye nyumbani, alinisomea majibu ya vipimo kwenye simu, na mimi muuguzi sikuhitaji kutafsiriwa. Niliomba likizo ya dharura siku hiyo hiyo. Msimamizi wangu alinipa pole nyingi, akanishika mkono, akaniambia nisubiri mwenzangu arudi kwanza kutoka kwao India. Pole zake nilizimeza kama kwinini. Hatimaye nikapata tiketi ya Jumamosi alfajiri. Nilitaka jambo moja tu duniani: nimkute akiwa hai, anione, nimwone.

Alhamisi mama akaomba simu kitandani kwake hospitalini. Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba lakini ulimi ulikuwa ni ule ule.

"Kesho unafanya nini?"

"Nafunga mizigo, Mama."

"Mizigo gani ya siku nzima? Unahama? Nenda ukacheze. Halafu huyo rafiki yako anishikie simu, nami nione. Nimecheka kitu hiki miaka yote na sijawahi kukiona."

Na kweli hakuwahi. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya kubonyeza, isiyo na picha, na kila mdogo wangu alipotaka kumnunulia nyingine alimfukuza. Sasa mdogo wangu alikuwa kando ya kitanda na simu yake ya kupangusa, na mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Ningemkatalia vipi?

Ijumaa asubuhi nilipiga besi Mesaimeer na sikumbuki hata wimbo mmoja. Alasiri nikavaa kaptura ya kitenge, vikinga vya magoti na viwiko, kikinga meno, na kofia yenye nyota. Saa za Doha na za Nakuru ni zile zile, na hilo lilinifariji kijinga: jua linalomwingilia dirishani ndilo hili linalopiga paa la ukumbi wetu. Mtandao ulisumbua. Nilikuwa tayari nimesimama mstarini niliposikia rafiki yangu akipaza sauti kutoka kwenye benchi, "Yuko hewani! Mama yuko hewani!" Nikainua mkono. Nikasema moyoni kwamba nitazungumza naye tukimaliza mzunguko. Filimbi ikalia.

Sijawahi kucheza vile, wala sitacheza vile tena. Yule Mwingereza alinijia na nyonga yake maarufu nikampita kwa ndani. Mama wa Kilebanoni alifungua mikono, nikapita chini. Kila nilipozunguka nilimwona rafiki yangu: amesimama juu ya benchi, simu ameinyanyua kwa mkono mmoja, mkono mwingine anaurusha juu na chini, mdomo wazi. Kofia imeziba masikio, wachezaji wanapiga kelele, sikusikia anasema nini. Lakini nilimjua rafiki yangu. Anashangilia! Nikaongeza mbio. Ona, Mama, nikawa nasema na kikinga meno kinywani, ona, ona, leo sianguki.

Mzunguko uliofuata simu ilikuwa imeshuka. Rafiki yangu alikuwa ameketi, ameibana kifuani kwa mikono miwili.

Nilijua. Hakuna aliyeniambia, nilijua. Nikaanguka vibaya, vidole vimetawanyika sakafuni, kana kwamba sikuwahi kufundishwa. Kocha akapiga filimbi mfululizo. Nikasikia magoti yakigonga sakafu, moja, jingine, mengi, halafu kimya. Kiyoyozi tu ndicho kilichokuwa kikinguruma.

Kocha alikuja akanishika kifundo cha mguu, akatafuta mfupa uliovunjika. "Hapa? Hapa?"

"Ni mama," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, na hakuna aliyeelewa isipokuwa mmoja, naye alikuwa analia kwenye benchi. Ikabidi nirudie kwa Kiingereza. Kocha akaacha mguu wangu.

Sasa hapo hakuna aliyejua la kufanya. Mguu ni mzima, mtu hajainuka. Desturi inasema mnapiga goti mpaka ainuke, kwa hiyo wakabaki chini. Nami sikuweza kuinuka. Nililala ubavu juu ya sufi aliyoishona mama, nikalia mbele ya watu, kamasi na vyote, na wanawake wale walipiga goti kunizunguka kama wanaosali. Nilimwona mama wa Kilebanoni anatetemeka, goti lake bovu ndilo lililokuwa sakafuni, na hakulibadilisha. Nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia, inuka basi, mama wee, kwani nani amekulazimisha? Lakini alikuwa akinitazama tu na machozi yanamtoka. Ni kwa ajili ya goti lile nilisimama.

Nao wakapiga makofi.

Ni mazoea, mikono yao ilifanya yenyewe. Wengine walishtuka katikati wakajiziba midomo, wengine waliendelea kwa sababu hawakujua namna ya kuacha. Kwetu mfiwa anashikwa mkono, anaitiwa kina mama, anapewa uji. Hapigiwi makofi! "Banange!" rafiki yangu akapayuka kwa Kiganda, akashuka kwenye benchi mbio. "Mnampigia makofi?" Mdogo wa wale dada wa Kiqatari alinifikia kwanza, akanikumbatia na vikinga vyake vyote, akamwombea mama rehema sikioni mwangu, na nikamwacha anishike.

Jumamosi alfajiri nilisafiri kwa tiketi ile ile niliyokata ili nimkute hai. Nilimkuta amelala mochari, tukamzika. Mdogo wangu aliniambia neno moja tu, jioni, wageni walipopungua. "Alikuona, Dada. Aliiona kaptura yake akacheka."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Niliporudi Doha nilimwambia kila aliyenipa pole: aliniona. Kanisani nilisema, hotelini kwa wanabendi nilisema, kliniki nilimwambia hata yule msimamizi. Sikumkuta, lakini aliniona nikicheza, na nilicheza vizuri. Rafiki yangu alikuwa akisikia haya na kila mara alipata kitu cha kwenda kufanya jikoni.

Hatukutoka matembezini kwa muda. Jumamosi ya kwanza tuliyotoka, wanabendi walitupeleka Al Khor, kule kwenye mikoko. Walichoma kuku, mmoja akawa anapapasa gitaa. Rafiki yangu aliniomba twende kando, mpaka pale maji yanapoanza. Alivua viatu, akavivaa tena.

"Nina kitu sijakuambia," akasema. "Kila ukisema alikuona, kinazidi kunilemea."

"Kwani hakuniona?"

"Alikuona. Kaptura aliiona. Akasema, 'Ile nimeishona mimi.' Lakini ile kofia, na lile lidude la mdomoni, na ile mbio." Alikuwa hanitazami. "Alisema, 'Mwambie asimame kidogo nimwone uso.'"

Nikauliza, "Nini?" ingawa nilikuwa nimesikia.

"Alirudia. 'Mwambie asimame kidogo.' Mimi sikuwa nashangilia, mukwano, rafiki yangu. Nilikuwa nakuambia simama. Nilikupungia mkono, simama, simama, mpaka sauti ikakauka. Na wewe ukaongeza mbio."

Nilimwambia heri angenyamaza. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, na yeye akayapokea yote amesimama pale pale, mikono yake mara hii imetulia. Halafu nikakaa kwenye mchanga wenye maji nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Alikaa kando yangu, suruali yake nzuri ikalowa. Gitaa kule nyuma likanyamaza. Hatukula kuku wale.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda mazoezini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mtu alikuwa akiniuliza nimeanguka mara ngapi. Kocha alinipa kofia yenye nyota. Rafiki yangu alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, hana karanga.

Filimbi ililia, nikaenda. Nilipita ukuta, nikazunguka mara ya kwanza, miguu ikakumbuka kazi yake. Nilipokaribia benchi kwa mara ya pili nikakanyaga breki. Nikavua kofia. Nikatoa kikinga meno. Nikageuza uso pale ambapo simu ilikuwa imenyanyuliwa siku ile, nikasimama, uso wazi, jasho likinitiririka, na wenzangu wakanipita pande zote mbili kabla ya kugundua. Filimbi ikalia mfululizo. Baadhi yao walikuwa wameshaanza kupiga goti.

Kocha alinijia mbio. "Umeumia? Wapi?"

"Sijaumia," nikamwambia. "Nimesimama kidogo tu."