Magunia Mawili ya Jirani

Mwenzangu, wewe uliyesoma huenda ukanielewesha. Mwanangu amenunua nyumba yenye magurudumu. Watu wa huku Sydney wanaiita karavani. Unaifunga nyuma ya gari, unakwenda nayo unakotaka, mnalala humo, mnapika humo. Ameiegesha hapa uani Doonside, imeziba dirisha lote la jikoni, nikiosha vyombo naona ubavu wake mweupe tu. Ya kuivuta ni pikapu yake, huku wanaiita ute, aliyoipata kwa bwana mmoja kule Granville. Wiki nzima nyumba hii haikuwa na neno lingine ila kilo na tani.

Akaniambia, "Mama, gari hili linavuta tani tatu na nusu. Karavani ikijaa kabisa ni tani tatu. Hesabu imeisha." Kweli, hata mimi niliyeishia darasa la pili naona tatu ni ndogo kuliko tatu na nusu. Kisha mjukuu wangu mkubwa, msichana, akafungua kitabu cha gari mezani. Akasoma kwa Kiingereza, akanifasiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: gari na karavani vikiunganishwa, na watu ndani, vyote pamoja visizidi tani sita. Gari peke yake likipakia watu na mizigo ni tani tatu na ushee. Basi ukijumlisha, umepita. Nikamwuliza, sasa zile tatu na nusu ni za nani?

Akacheka. "Bibi, that's when the ute is almost empty."

Gari tupu linakwenda wapi na karavani? Hapo kichwa kikaanza kunizunguka. Ila nilipotoka nje nikaushika ule ulimi wa chuma wa karavani, unaokaa juu ya kirungu cha nyuma ya gari, mkono ukakumbuka kitu ambacho kichwa kilikuwa kimeshindwa. Nikajikuta niko kwa babu, Usukumani, msimu wa pamba.

Babu alikuwa na tela la ng'ombe, magurudumu yake ya gari bovu lililofia mjini. Majina ya wakati ule nayakumbuka yote, ya watu na ya ng'ombe, lakini watu wana wajukuu wao, nisiwaanike, ng'ombe nitakutajia. Maksai wa kwanza walikuwa Shauri na Simu. Hao wakazeeka, wakaja Meja na Kaptula. Meja mweusi, mkimya. Kaptula alikuwa mwekundu, mweupe mapajani, kama aliyevaa kaptula kweli. Alipenda kunilamba kiwiko akitafuta chumvi, ulimi wake kama msasa.

Desturi ya kwetu msichana hakushika kamba ya ng'ombe. Lakini kaka yangu alipelekwa shule, na mbele ya maksai lazima atangulie mtu, basi kamba nikapewa mimi. Watu wakasema weee, babu akawajibu, "Ng'ombe anaangalia kamba, haangalii kanga." Asubuhi tulikunywa uji wa mtama wenye ukwaju, nikafungasha michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa juani, nitafune njiani. Bado nasikia nira ikilia kwi, kwi, na harufu ya magunia ya pamba, vumbi na jua pamoja.

Kabla ya kuondoka kulikuwa na kipimo. Tela lina mti mrefu unaotokeza mbele, ndio unaofungwa kwenye nira shingoni mwa ng'ombe. Kupanga magunia ilikuwa kazi ya babu. Kupima ilikuwa kazi ya bibi. Anakuja anafuta mikono kwenye kanga, anainama, anauinua ule mti. Ukimjia mwepesi anasema, "Nyuma kuzito, litawanyonga," maana mti utapanda juu na kamba za nira zitawabana koo. Ukiwa mzito mno, "Mbele kuzito, mtawavunja shingo." Alitaka uzito wa debe moja la maji, si zaidi. Debe alilijua kwa shingo yake mwenyewe tangu usichana wake. Babu alihamisha magunia mpaka asikie neno moja, "Hapo." Hata siku walizonuniana, hawasemeshani tangu juzi, ile "hapo" bibi aliitoa.

Mwaka mmoja pamba ilikuwa nyingi mno. Bibi alikwisha kusema "hapo", akarudi jikoni. Ndipo akatokea jirani na mkewe, kila mmoja na gunia kichwani. "Mzee mwenzangu, mawili tu haya. Hata ng'ombe wenyewe hawatajua."

Babu akamtazama Meja, akamtazama Kaptula. Sasa utamwambia nini jirani? Mwaka wa njaa mtu yule alitugawia mtama wake. Babu akasema, "Pandisha." Yakawekwa nyuma, juu kabisa. Bibi hakuitwa tena.

Tela halina breki. Breki yetu ilikuwa gogo, linafungwa kwa kamba nyuma likwaruze chini tunapoteremka. Babu alizoea kusema, "Kuvuta ni kwa ng'ombe, kuzuia ni kwa Mungu." Kuna mteremko mrefu wa kwenda mtoni. Nilikuwa mbele, nasikia gogo nyuma likikwaruza, likikwaruza, kisha sikulisikia. Kamba ya gogo ilikuwa imekatika. Nikageuka, nikaona macho ya Kaptula yako karibu mno na uso wangu. Nikaachia kamba, nikaruka majanini.

Meja alivuta kushoto. Kaptula alianguka ndani ya nira, tela likampita mguuni, magunia yakamwagika, njia yote ikawa nyeupe. Babu akakaa chini kando yake, akamshika pembe kwa muda, kisha akaomba kisu. Jirani alipofika alilia kuliko sisi. Nyama ikagawanywa, mimi sikula. Babu hakunigombeza, hakunisifu. Ningeshika kamba, Kaptula angesimama? Au tungekuwa wawili pale chini? Sijui. Umri huu wote sijui.

Basi, Ijumaa nipo uani, akaja jirani yetu wa hapa, mama Mkongo, mtu mwema, kila Jumapili ananiletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli. Ana dada yake aliyehamia mji wa ng'ambo ya milima, njia ileile tuliyopanga kusafiri na karavani. Kaleta friza, katoni za samaki wakavu na magunia ya unga. Akamwambia mwanangu, "Kaka, ni vitu kidogo tu. Utatusaidia, eh?"

"Hamna shida, dada. Weka."

Hiyo "hamna shida" nikaijua ilikotoka. Wajukuu zangu watatu wangekuwa ndani ya gari lile, na ile milima ukiipanda lazima uishuke. Mama yule alipoondoka nikasema, "Mwanangu, vishushe."

"Mama, hawa si ng'ombe. Vina breki zake, gari na karavani."

"Breki nimesikia. Uzito umepimwa?"

"Dad, just weigh it," akasema mjukuu wangu, hata kichwa hakuinua kwenye kitabu.

Jumamosi tukaenda kwenye mizani ya malori, sote ndani, maana nilikataa kubaki. Kama ni kupima, tupimwe na mafuta yetu mwilini. Ikatoka karatasi: tani sita na kilo mia tatu. Mwanangu akasimama nayo, anaisoma kama barua ya msiba. Kisha akasema polepole, "Sasa dada wa watu nitamwambiaje?"

Kumbe. Wiki nzima nilidhani haelewi hesabu. Hesabu aliielewa. Mlima haukumtisha, uso wa jirani ndio uliomtisha.

"Humwambii wewe," nikamjibu. "Namwambia mimi."

Nikaenda kwake kwa miguu. Nikamwambia, "Mwanangu, mzigo wako umerudi. Mimi mzee ndiye niliyekataa. Ukilaumu, nilaumu mimi." Akanitazama sana. Akasema, "Sawa, Maman," basi. Friza ikarudi kwake, na katoni, na unga. Jumapili ile sombe haikuja, na hii iliyopita haikuja.

Tukapima tena, tukawa chini ya sita, tukasafiri. Kwenye kushuka nilishika kile kishikio cha juu ya mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Wajukuu wanachekea simu zao. Karavani ikatufuata taratibu, haikusema neno. Ng'ombe akielemewa anatoa povu, anapanua pua, unamwona. Gari linanguruma vilevile likiwa na nafasi na likiwa limezidiwa. Utalionea wapi huruma? Tukafika salama. Na hapo nimechanganyikiwa upya: tulifika salama kwa kuwa friza haikuwepo, au tungefika tu, nami nimempoteza jirani bure?

Juzi nikampigia simu kaka yangu, yule aliyepelekwa shule. Nikamwuliza, babu aliwahi kusema lolote juu yangu na ile kamba niliyoiachia? Akafikiri. "Alisema tela lilikuwa zito. Wewe hakukutaja."

Sijajua nifurahi au nilie. Nikamwuliza habari za kule. Akaniambia tela liliozea nyuma ya zizi, maksai hakuna, pamba ya sasa inabebwa na malori ya kukodi. Hakuna mwanamke anayeitwa kuinua mti na kusema "hapo". Na mteremko wenyewe, ananiambia, ulichongwa walipoleta lami. Udongo wake wakaujaza kwenye tuta la daraja, na magari yanapita juu yake bila hata kukanyaga breki.